Kumwangalia nyumbani mtu aliyelazwa kwa UVIKO-19

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini, majirani huja kumpa pole na kumpongeza, na wiki inayofuata kila mtu hutarajia kumwona juu ya baiskeli yake akikatiza barabara za Ngamiani, hapa Tanga, kama zamani. Mwili hauendi na haraka hiyo. Wagonjwa waliotoka katika hospitali moja ya Wuhan, China, walipofuatiliwa hadi miezi sita tangu dalili zianze, zaidi ya nusu yao walikuwa bado na tatizo angalau moja, na lililoongoza lilikuwa uchovu au udhaifu wa misuli. Shirika la Afya Duniani, katika ufafanuzi lililoutoa Oktoba 2021, linaeleza kuwa hali hii ya dalili kubaki baada ya UVIKO-19 kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu ugonjwa uanze, dalili zake hudumu walau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaoweza kutajwa kuwa chanzo chake.

Sharti hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo. Mpeleke kwanza zahanati au kituo cha afya, pamoja na karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa, ili apimwe malaria na wingi wa damu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimiwe kifua kikuu. Kiu kali na kukojoa mara kwa mara, hasa kwa aliyetibiwa kwa deksamethasoni, dawa inayoweza kupandisha sukari, ni sababu tosha ya kupima sukari. Si kila uchovu ni wa UVIKO, na haya mengine yana dawa.

Baada ya hapo linabaki suala la nguvu, na hapo ndipo jamaa wengi tunapokosea. Mjomba wangu, wiki ya tano tangu arudi nyumbani, aliamka asubuhi moja akiwa mwepesi, akafua shuka zake mwenyewe, akachota ndoo nne bombani, na mchana akala huku akitutania. Siku mbili zilizofuata hakuinuka kitandani ila kwenda msalani. Kuzidiwa namna hiyo, saa kadhaa au siku moja baada ya kazi, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe wala si uvivu. Kwa hiyo siku nzuri ndiyo ya kuchunga. Kwa wiki moja andika katika daftari kila anachofanya na namna anavyoamka kesho yake, mpaka ukijue kiwango anachokimudu, kisha abaki chini ya kiwango hicho hata anapojisikia ana nguvu. Aoge akiwa ameketi kwenye kigoda, apumzike kabla hajachoka, na kufua na kupiga pasi visiwekwe siku moja.

Pumzi ikimpaa, aketi mbele ya meza iliyowekwa mito miwili, alaze kichwa na mikono juu yake, mabega yalegee. Kisha avute hewa puani na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu apozaye chai iliyotoka jikoni sasa hivi, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa maji ya moto na majani, zilizovuma sana mwaka 2020, simshauri mtu aliye dhaifu ajifunike nazo, kwa kuwa maji ya moto yakimwagika humuunguza kabla hajapata nguvu ya kuinuka.

Mazoezi yaongezwe kwa ngazi, kila ngazi isipungue siku saba: kwanza kutembea uani, kisha hadi kona ya mtaa, na baadaye jioni moja kandokando ya bahari Raskazone, ambako hakuna aibu ya kuketi njiani. Kipimo chepesi ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi bila kukatisha ili avute pumzi, amezidisha. Akiamka hoi, arudi ngazi moja nyuma. Usahaulifu na kukosa usingizi navyo ni vya kawaida. Dawa zake za kila siku ziandikwe ukutani ili asilazimike kuzikumbuka.

Mwahishe hospitali, bila kungoja kuche, akipata maumivu ya kifua, akizimia, akichanganyikiwa, akihema kwa tabu hali ameketi tu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kama mnacho kipima oksijeni cha kidole, namba 92 au chini yake ni ya kwenda nayo mara moja. Ila kipimwe kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha wala piko, maana binti mmoja kwetu alitushtua bure usiku wa manane kwa sababu ya piko la arusi.

Mjomba alipanda baiskeli tena mwezi wa sita tangu arudi nyumbani. Alikwenda hadi duka la jirani, akarudi akiikokota.