SOMO: Kupata mkutano wa AA karibu na kwako (ya pombe, si ya udereva)

AA ni vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Mkutano wao uko wapi? Swali hili naulizwa inbox kila wiki, nimechoka. Naliandika mara moja. Ni kwa walioko Kenya. Wa kwingine chukueni kinachowafaa.

1. Tafuta kwa jina refu, Alcoholics Anonymous, uongeze na mji wako. Ukiandika "AA Nairobi" tu utaletewa shule ya udereva.

2. Mjini kwako hakuna? Iko mikutano ya mtandaoni, usiku na mchana.

3. Umekwama kabisa, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi. Ni bure. Uliza kikundi na mshauri walio karibu nawe.

4. Thibitisha kabla ya kutoka nyumbani. Kuruka hatua hii ndiko kunakowarudisha watu baa. Vikundi vingi havina jumba lao, huazima chumba kanisani au hospitalini. Kamati ya harusi ikikitaka chumba, mkutano unahama na orodha ya mtandaoni haina habari. Umejikaza wiki nzima, umepanda matatu mbili, unakuta kufuli, na njia ya kurudi stejini inapita mlangoni kwa baa. Mimi kufuli hilo nimelikuta, na nyumbani sikufika mapema. Kwa hiyo piga simu siku hiyohiyo: bado mnakutana hapo? Mlango upi? Ni mkutano wa wazi au wa kufungwa? Wa wazi huingia yeyote, hata shemeji anayekusindikiza. Wa kufungwa ni wa wenye tatizo la pombe peke yao.

ONYO la saa: ratiba imeandikwa 1:00 PM, mtu anakwambia kwa simu "saa moja". Muulize saa moja ipi, usije ukafika jioni kwa mkutano wa saa saba mchana. Ya mtandaoni mingi hutangazwa kwa saa za Marekani: saa mbili usiku ya New York kwetu ni saa tisa au saa kumi usiku, kutegemea msimu wao.

Langoni mwambie askari "nakuja mkutano wa AA", basi. Ukianza kujieleza utapelekwa kwa padri.

5. Ndani keti popote. Zamu yako ikifika, taja jina la kwanza, sema leo unasikiliza tu. Hakuna kiingilio. Kikapu kikipita na huna kitu, kipitishe.

6. Jaribu vikundi tofauti kabla ya kusema AA haikufai. Kimoja ni wazee watupu, kingine vijana.

MASWALI

KakaNaks: Mkuu nitumie namba ya msee wa AA Nakuru.
Jibu: Hatua ya 3. Namba za wanachama hazibandikwi.

Bi_Likoni: Shukrani ndugu yangu. Mimi ni Mwislamu na mkutano nilioelekezwa uko ndani ya kanisa. Nikionekana naingia?
Jibu: Dada, swali lako lina maana. AA si ya dini yoyote, chumba ni cha kuazima tu. Hatua zao 12, yaani mwongozo wao wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, lakini kila mtu kwa anavyomwelewa, na wewe wako unamjua. Kama shida ni macho ya majirani, tafuta wa mtaa mwingine. Wengi hufanya hivyo makusudi. Mtandaoni iko hata ya wanawake peke yao, na kamera unaweza kuizima.

Fundi254: Bado nakunywa, si nitafukuzwa? Asubuhi nisipotoa loki (ile pombe ya kuamkia) mikono inatetemeka.
Jibu: Hufukuzwi. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Ila hiyo mikono ndiyo inanitia wasiwasi. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kupata kifafa, au mtu akaanza kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili, ya tatu. Watu hufa hivyo. Mwone daktari kwanza, umtajie kiasi halisi, usikipunguze kwa kuona haya. Kuna dawa za kukuvusha siku hizo, na vitamini B1. Mkutano uendelee kwenda.

KakaNaks: Mkuu huo wa Nakuru ni saa ngapi?
Jibu: Hatua ya 4.

MkeWaMtu: Kuna dawa ya kuweka kwenye chai asijue?
Jibu: Ipo, na usithubutu. Disulfiramu ikikutana na pombe mwilini ni kutapika, moyo kwenda mbio, presha kushuka, na anaweza kufa mbele yako. Huandikwa na daktari, mnywaji mwenyewe akijua.
MkeWaMtu: Basi mimi nikae tu nikimtazama?
Jibu: Niwie radhi dada, nimekuwa mkali. Tafuta Al-Anon. Ni ya jamaa za mnywaji, na unaenda hata kama yeye hataki kusikia. Mkutano wa wazi wa AA pia ingia, uwasikie walioacha wakieleza. Usimburute, nenda wewe.

Mzee_Rongai: Nyongeza. Harusini mimi hushika glasi ya soda tangu mlangoni. Mwenye glasi mkononi haongezewi.
Jibu: Asante mzee. Na uwe na nauli yako mfukoni, usingoje lifti ya anayekunywa.
Fundi254: Na wakikuuliza mbona hunywi?
Mzee_Rongai: Waambie unatumia dawa. Hakuna anayeuliza ni ya nini.