Ukimchora mjukuu kwa rangi za mafuta

Babu au bibi wa hapa Bagamoyo unayetaka kumchora mjukuu, anza na macho. Kwa mtu mzima macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa. Kwa mtoto mdogo hukaa chini ya katikati, na paji la uso huwa kubwa. Ukimpa vipimo vya mtu mzima, atatoka kama mzee mfupi hata ukipaka kwa ustadi gani. Kidevu kiwe kidogo, nyusi ziwe hafifu.

Ngozi yetu usiitie giza kwa rangi nyeusi, inaiua kabisa. Changanya kahawia nyekundu na buluu ya ultramarini, upate kivuli chenye uhai. Mkalishe barazani kwenye kivuli asubuhi, utaona buluu ya anga ikigusa paji na mashavu. Hatatulia, na msimlazimishe maskini! Piga picha kadhaa, kisha mtazame akicheza.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, lenye tapentaini, kimiminika cha kuzimulia rangi. Yanayofuata yaongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, rangi ya juu itapasuka, kwa sababu mafuta hukauka polepole kwa kufyonza oksijeni, na tabaka la chini lenye mafuta mengi litakuwa bado halijakauka. Vanishi isubiri kama miezi 6.

Tapentaini iwe mbali na mtoto. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, yanaweza kuwaka yenyewe: yaloweke kwenye maji au yatandaze nje yakauke.