Kabla Huduma Hazijakatika: Mambo ya Kuzingatia kwa Kaya Inayotaka Kujitegemea kwa Miezi Mitatu

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa cha Unguja kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi. Kisiwa kilitegemea waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba, na waya huo ulikuwa umekwisha kutoa onyo: Mei 2008 ulipata hitilafu iliyokiacha kisiwa gizani kwa wiki nne hivi. Giza lenyewe halikuwa shida kubwa kuliko zote. Visima vinavyoulisha mji maji huendeshwa kwa pampu za umeme, kwa hiyo mabomba nayo yalikauka, majokofu yakawa makabati, na mwenye jenereta akaanza kuhesabu lita za mafuta badala ya saa za mwanga. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013.

Naanza na Unguja kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya kuporomoka kwa ustaarabu hupenda kurukia mabomu, mahandaki na bunduki, ilhali kuporomoka kunakojulikana katika ukanda wetu huja kwa mnyororo: kitu kimoja kinakatika, na kila kilichokitegemea kinafuata. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujiandaa asianze kwa kununua. Aanze kwa kukaa na wenzake wa nyumbani na kukiuliza kila kitu walicho nacho swali moja: hiki kinahitaji nini ili kifanye kazi? Ukiuliza hivyo, utagundua kwamba sehemu kubwa ya akiba za watu ni nusu akiba.

Maji ndiyo ya kwanza, na hesabu yake haina mjadala. Viwango vinavyotumika katika misaada ya dharura humpa mtu mmoja lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, na chini kabisa, kwa muda mfupi, lita saba na nusu. Familia ya watu sita inahitaji basi lita 90 kwa siku, yaani madumu manne na nusu ya lita 20, na simtanki ya lita 1,000 itawafikisha siku 11 wakijibana kidogo, au siku 22 wakijibana sana. Asiye na uwezo wa simtanki anaweza kuwa na madumu kumi yaliyofunikwa vizuri na mfereji wa bati unaokinga mvua. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuchunguza mapema kisima cha karibu kiko wapi, ni cha nani, na kama kina kamba na ndoo au kina pampu tu. Kisima chenye pampu ya umeme, siku umeme ukikatika, ni shimo lililofunikwa. Pia jaribuni kubeba dumu lililojaa kutoka hapo hadi nyumbani. Lina kilo 20, na kama ni mama mwenye mtoto mgongoni au bibi wa miaka 70 atakayelibeba, basi mnahitaji madumu ya lita 10 au mkokoteni.

Maji ya kisima cha mjini yachukuliwe kuwa machafu hadi yatibiwe. Kuyachemsha hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kunatosha, au dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, lakini kuchemsha kunakula kuni na mkaa, na hapo mnyororo unarudi tena. Weka basi chupa kadhaa za dawa ya klorini ya kutibu maji, zile zinazouzwa madukani kwa ajili ya dumu la lita 20, ufuate kipimo cha kwenye kibandiko, uache nusu saa kabla ya kunywa, na utazame tarehe ya kuisha muda kila mwaka, kwa sababu klorini ya majimaji hupungua nguvu ikikaa. Ikikosekana, jua linasaidia: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, iliyojazwa maji maangavu, ilazwe juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mengi. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kwani jua na klorini vyote hushindwa na tope.

Kipindupindu hakingoji. Dar es Salaam ilikiona kuanzia Agosti 2015 huku mabomba na umeme vikifanya kazi, sembuse siku visipofanya. Kila mtu mzima nyumbani ajue kwa kichwa maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu na si kwa kurundika. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kwa choo cha kuvuta, amueni mapema kwamba maji yaliyofulia ndiyo yatakayomwagwa chooni, na tengenezeni kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa tundu dogo, mlangoni, maana kikombe kimoja cha maji hunawisha mikono ya nyumba nzima kikitoka kwa kuchirizika. Mkichimba choo cha shimo, kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Kwenye chakula ndiko watu hujidanganya zaidi. Mtu mzima anayeishi kwa nafaka anahitaji takriban gramu 450 za nafaka, gramu 60 za mikunde na gramu 30 za mafuta kwa siku. Kwa watu sita, hiyo ni kama kilo 80 za nafaka, kilo 11 za maharage na lita sita za mafuta kwa mwezi. Mtu akisikia hivyo hununua gunia la mahindi, akaliweka stoo, akajiona amemaliza. Gunia la mahindi linahitaji mashine ya kusaga, na mashine inahitaji umeme au dizeli. Hapo kinu na mchi wa bibi vinarudi kuwa mali, na ni vizuri vijana wa nyumbani wajaribu kutwanga kilo mbili tu kabla hawajavicheka. Njia ya kati ni kuweka sehemu ya akiba kama mchele, ambao hauhitaji mashine tena, na sehemu kama sembe inayozungushwa kila mwezi. Dona ni bora kwa mwili lakini haikai muda mrefu, kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha.

Mahindi yenyewe yakiingia stoo na unyevu yanaweza kuua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani kwenye turubai. Ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa. Mifuko ya kuhifadhia yenye tabaka tatu huwakosesha wadudu hewa wakafa bila dawa, lakini haikaushi chochote, na mahindi mabichi yaliyofungiwa ndani yake huoza kimyakimya.

Mwenye shamba, hata robo eka, ana ghala lisilohitaji gunia, nalo ni muhogo. Muhogo ukikomaa unaweza kubaki ardhini kwa miezi mingi ukisubiri kuchimbwa, mwizi anapata tabu kuuiba kwa wingi usiku mmoja, na ukame hauumalizi upesi. Hata hivyo, muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na sumu hiyo haiondoki kwa haraka ya mwenye njaa. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na bila kupona, umeonekana Tanzania, Msumbiji na Kongo hasa katika nyakati za njaa na vita, pale watu walipofupisha siku za kuloweka na kuanika. Muhogo unapaswa kulowekwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, kisha uanikwe. Unga ambao huna uhakika nao unaweza kukandwa kwa maji hadi uwe rojo zito, ukatandazwa mwembamba kwenye beseni au ungo, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ikapanda na hewa. Hapa akiba inategemea kitu kisichonunuliwa, yaani siku tatu za subira, na ndiyo maana anayepanda muhogo mchungu aanze kuuchimba kabla unga wa dukani haujaisha.

Nishati ya kupikia ifanyiwe hesabu kwa vyakula mlivyoviweka. Maharage yasiyolowekwa usiku kucha humaliza mkaa wa siku mbili. Mtungi wa gesi wa akiba, gunia moja la mkaa mahali pakavu na jiko sanifu vinatosha kuanzia. Jiko la mkaa halilali ndani, hata likiwa linaelekea kuzimika, na jenereta haiwashwi barazani chini ya dirisha, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu na huua waliolala. Kuhusu jenereta, mimi si mshabiki wake kwa kaya ya kawaida. Inataka petroli, na kituo cha mafuta nacho kinataka umeme wa kuipampu, na kabla ya hapo kinataka lori lifike. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara nchini Kenya na reli ikang'olewa Kibera, waliokosa mafuta walikuwamo hata Kampala, ambako hapakuwa na kura iliyopigwa. Taa mbili za sola na redio ya betri hufanya kazi kubwa kwa bei ya petroli ya wiki chache.

Dawa za kila siku zinahitaji mazungumzo na mhudumu wa afya kabla, hasa shinikizo la damu, kifafa, kisukari na virusi vya Ukimwi, ili mgonjwa apewe za miezi kadhaa kwa pamoja inapowezekana. Insulini iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu kama wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea maelezo ya aina yake. Pasipo jokofu, chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, hupoza dawa vizuri Dodoma au Tabora penye hewa kavu. Pwani, penye unyevu mwingi hewani, hupoza kidogo tu.

Fedha ya simu imetufanya tusahau noti. Mnara wa simu hukaa kwa betri saa kadhaa, kisha hutegemea jenereta. Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilipokatika baharini, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoathirika zaidi. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika, watu wakateka maji ya Ziwa Kivu, na benki zilifunga milango kwa miezi. Weka nyumbani matumizi ya wiki mbili kwa noti ndogo na sarafu, kwa sababu siku hizo hakuna mwenye chenji. Namba muhimu ziandikwe kwenye daftari. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba na kadi za kliniki vikae katika bahasha moja isiyopenya maji, karibu na mlango.

Kuhusu usalama, sioni faida ya kujifungia na magunia. Kaya yenye chakula peke yake mtaani ndiyo kaya iliyo hatarini. Ni afadhali kumfahamu sheha au mjumbe, kujua nani muuguzi, nani fundi, nani ana kisima cha kamba, na kukubaliana na nyumba nne au tano kuhusu zamu za maji na ulinzi wa usiku. Hata hivyo, mwaka 2007 na 2008 majirani waligeukana katika sehemu za Kenya, na maelfu kwa maelfu walilazimika kukimbia, kwa hiyo kila familia iwe pia na mahali pawili pa kukutania, pa karibu na pa mbali, panapojulikana hata na watoto, na mfuko wa kila mtu anaoweza kuubeba mwenyewe kwa miguu.

Mwisho, fanyeni jaribio. Ijumaa jioni zimeni swichi kubwa, fungeni koki ya maji, wekeni simu kabatini, na muishi hivyo hadi Jumapili jioni. Mwenye mgonjwa anayetegemea jokofu asizime swichi kubwa, bali azime vifaa vingine vyote na aliache jokofu lake liendelee. Andikeni kila mlichokwenda kukitafuta mkakikosa, tangu kibiriti hadi kifungulio cha kopo, na orodha hiyo ndiyo mwende nayo sokoni Jumatatu. Jaribio lirudiwe baada ya miezi sita, safari hii msimu wa mvua, kuni zikiwa zimelowa.