SOMO: Dalili za mtoto anayeteswa au kutelekezwa

Naulizwa kila mara: "Mwalimu, nitajuaje kama amepigwa au ameanguka tu?" Naandika mara moja, someni hapa.

1. Mtazame anapofika asubuhi, kila siku.

2. Alama. Mtoto anayetembea huumia magoti, miundi, viwiko, paji la uso. Michubuko ya masikioni, shingoni, mgongoni, makalioni au mapajani kwa ndani inahitaji maelezo. Waya, mkanda na pasi huacha umbo lake. Kichanga asiyetambaa akiwa na mchubuko, hospitali siku hiyo hiyo.

3. Tabia iliyogeuka ghafla: anakojoa kitandani tena, anashtuka akiguswa, kengele ya kutoka ikilia hataki kwenda nyumbani. Dalili moja haitoshi, zikikusanyika usinyamaze.

4. Kutelekezwa: njaa ya kila siku, kidonda kinachooza bila dawa. Umaskini si kosa. Mama asiye na hela ya viatu lakini hakosi kliniki, huyo anahitaji msaada.

5. Kuzungumza naye. HAPA NDIPO WENGI WANAPOHARIBU. Usimuulize "Ni baba mdogo, eti?" Ukishamtajia jina, ushahidi wake utatiliwa shaka mahakamani. Sema "Niambie ilikuwaje," kisha nyamaza. Usiahidi kuficha siri, maana hutaweza. Usimhoji mara mbili. Andika maneno yake yaleyale, na tarehe. USIMWITE mtuhumiwa kumuuliza: jioni mtoto anarudi kwake.

6. Toa taarifa serikali ya mtaa au kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ni bure. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 kinakupa wajibu huo hata kama si ndugu yako. Akiwa amebakwa au kulawitiwa, asiogeshwe. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, plastiki huzivundisha. Afike hospitali mapema, kwani dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72.

MASWALI

– Ni ndefu, namba ya kupiga ni ipi?
Hatua ya 6.

– Sisi tulichapwa na tukawa watu. Mnataka kuharibu watoto.
Mtoto mwenye alama ya waya mgongoni amejeruhiwa. Sibishani juu ya hilo.

– Mimi nimeshamwita baba yake, amekana.
Hatua ya 5 imekataza. Piga 116 sasa, waeleze kwamba baba ameshajua, kabla shule haijatoka.

– Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miezi mitatu ana doa la bluu kiunoni tangu azaliwe. Jirani ananishuku.
Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kuuliza. Watoto wetu wengi huzaliwa nalo na haliumi. Mchubuko hugeuka kijani, kisha njano, na huisha kwa wiki chache. Doa hilo hukaa miaka likififia polepole. Mwombe nesi aliandike kwenye kadi ya kliniki, umwonyeshe yeyote atakayeuliza.

– Na binti wa kazi wa jirani? Ana miaka 13.
Asante kwa kumkumbuka. Chini ya miaka 18 ni mtoto, na sheria hairuhusu ajira chini ya 14. Dalili zote za hapo juu mtazamie na yeye. Ukikutana naye bombani msalimie kwa jina, azoee sauti yako. Lakini kwa umri huo usisubiri alama: mwone afisa ustawi wiki hii.