Pumu Isiyosikia Dawa: Namna ya Kuchunguza na Kukabili Mzio wa Ukungu

Mgonjwa wa pumu anayetumia kipuliza cha kuzuia kila siku, tena kwa dozi kubwa, lakini bado anaamka usiku kifua kimembana au anapewa vidonge vya prednisolone (dawa kali ya kushusha uvimbe wa mirija ya hewa) kila baada ya muda mfupi, ana haki ya kumuuliza daktari wake kama mwili wake una mzio wa ukungu, yaani fangasi wanaoota penye unyevu. Swali hili linawahusu zaidi wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na kwingineko pwani, ambako wakati wa masika kuta hutoka madoa meusi na nguo zilizofungiwa kabatini huanza kunuka uvundo.

Hata hivyo, ukungu usiwe mtuhumiwa wa kwanza. Mara nyingi pumu huonekana haisikii dawa kwa sababu dawa yenyewe haifiki kwenye mapafu. Nenda na kipuliza chako kliniki, umwonyeshe mhudumu jinsi unavyokitumia: unakitikisa, unatoa pumzi nje, unakibana kwa midomo, unabonyeza mara moja huku ukivuta hewa polepole, kisha unazuia pumzi kwa takriban sekunde 10. Usipoweza kuoanisha kubonyeza na kuvuta, tumia spesa, yaani chombo chenye uwazi ndani kinachokaa kati ya kipuliza na mdomo. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ili kipuliza kiingie barabara inafaa pia. Hakikisha vilevile kwamba hutegemei kipuliza cha kutuliza, kile kinachofungua mirija kwa muda tu, peke yake, na kwamba hulali karibu na jiko la mkaa wala na mvutaji wa sigara. Ikiwa hayo yote yako sawa na pumu bado inasumbua, hapo ndipo ukungu uchunguzwe.

Ukungu huzaana kwa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kila mtu huvivuta kila siku bila kudhurika. Kwa mwenye mzio, kinga ya mwili huvipokea kama adui, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE, na mirija ya hewa ikavimba na kujaa makohozi. Aina iitwayo Aspergillus fumigatus ni msumbufu zaidi kwa sababu mbili: vijimbegu vyake vina upana wa mikromita 2 hadi 3 tu, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na hustawi vizuri katika nyuzi 37, ambazo ndizo joto la mwili wa binadamu. Inapoota ndani ya makohozi, chanzo cha mzio kinakuwa kimehamia kifuani, na mgonjwa anaendelea kubanwa hata akiwa katika nyumba safi. Hali hiyo, inayofahamika kwa kifupi cha ABPA, ilielezwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1952. Iko nyingine isiyofika huko, yaani pumu kali inayoambatana na mzio wa ukungu pasipo dalili za ABPA, ambayo watafiti wa Manchester waliipendekezea jina lake la kitabibu mwaka 2006. Hali zote mbili haziambukizi, na wala hazihusiani na utando mweupe unaoota mdomoni kwa wanaotumia kipuliza cha kuzuia bila kusukutua; huo ni fangasi wa aina nyingine, na dawa yake ni rahisi.

Kabla ya kwenda kwa daktari, andika kwenye daftari siku ulizobanwa, ulikuwa wapi na ulikuwa ukifanya nini. Mtu anayebanwa baada ya kufagia ghala la mahindi, kugeuza mboji, kufungua chumba kilichofungwa muda mrefu au kuwasha kiyoyozi kisichosafishwa anampa daktari fununu ambayo kipimo peke yake hakitoi. Angalia pia makohozi yako. Anayekohoa vipande vizito vya rangi ya kahawia, vilivyokaza na kuvutika kama ulimbo, asivitupe tu; avieleze, na ikiwezekana avipeleke hospitali katika kikopo safi, kwa kuwa ni dalili muhimu ya ABPA.

Kipimo cha mzio hufanywa kwa kuchoma ngozi kidogo juu ya tone la kichochezi, au kwa kupima damu kutafuta IgE dhidi ya ukungu fulani. Dawa za mzio kama cetirizine huvuruga kipimo cha ngozi, kwa hiyo muulize mpimaji uziache siku ngapi kabla. Daktari anaweza kuagiza pia IgE ya jumla, hesabu ya eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu), picha ya eksirei au skani ya CT. Katika mazingira yetu majibu haya yana mitego miwili. Wa kwanza ni minyoo, ambayo nayo hupandisha IgE na eosinofili, kwa hiyo namba kubwa peke yake haithibitishi mzio wa ukungu. Wa pili ni kifua kikuu: mabaka ya ABPA kwenye eksirei hufanana nacho sana, na mtu anaweza kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi bila nafuu. Uliza kama makohozi yamepimwa kwa GeneXpert, mashine inayotambua vijidudu vya kifua kikuu, na usiache dawa ulizoandikiwa kwa kujiamulia.

Matibabu ya ABPA kwa kawaida ni prednisolone, dawa ya fangasi kama itraconazole, au zote mbili. Kwa pumu kali yenye mzio wa ukungu ushahidi haujakaa upande mmoja: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban 6 kati ya 10 waliotumia itraconazole walipata nafuu, ilhali utafiti wa baadaye wa voriconazole, dawa nyingine ya fangasi, haukuonyesha faida. Ndiyo maana sishauri kabisa mtu ajinunulie dawa hizi dukani. Itraconazole huzuia ini kuvunja budesonide na fluticasone zilizomo katika vipuliza vingi, hivyo dawa hizo hurundikana mwilini hadi uso ukavimba na tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi za asili za mwili, zikalala. Daktari akijua mapema anaweza kukubadilishia kipuliza. Vidonge vya kapsuli vya itraconazole humezwa pamoja na chakula, havipatani na omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni), na ini hupimwa mara kwa mara. Kabla ya kuanza prednisolone ya muda mrefu, kumbusha upimwe au utibiwe mnyoo aina ya strongyloides, ambao ukikutana na dawa hiyo unaweza kusambaa mwilini na kuua.

Nyumbani, kinachopigwa vita hasa ni unyevu. Kupaka rangi juu ya doa jeusi ni kupoteza pesa, kwa sababu litatokea tena mvua ikirudi. Tafuta maji yanakotoka: bati lililotoboka, bomba linalovuja ndani ya ukuta, au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Vuta kabati la nguo na kitanda mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, kisha mulika nyuma yake kwa tochi, kwa kuwa ukungu mwingi hujificha hapo. Inua godoro uangalie upande wake wa chini. Likiwa na madoa na harufu, litupwe, kwani kulianika juani hakuondoi kilichoota ndani. Usianike nguo chumbani, na fungua madirisha yanayokabiliana wakati wa kupika na baada ya kuoga.

Kazi ya kusugua asiifanye mgonjwa. Mtu mwingine avae barakoa na glavu, aloweshe doa kwanza ili vijimbegu visitimke, asugue kwa maji ya sabuni, kisha akaushe kabisa, na mgonjwa asirudi chumbani hadi hewa ibadilike. Jiki si ya lazima, mvuke wake wenyewe unabana kifua, na ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Mpangaji ambaye mwenye nyumba amekataa kuziba paa ahamishie kwanza kitanda cha mgonjwa katika chumba kikavu kuliko vyote, hata kama ni sebule.