Soma ukanda mtupu kabla ya kulipia santuri

Ukitafuta matoleo mapya ya santuri za jazi, usihadaike na kibandiko cha "gramu 180". Uzito peke yake hauongezi sauti. Kinachoamua ni mkanda wa kurekodia uliotumika kama chanzo na mikono ya fundi aliyechonga mifereji ya sauti.

Ikiwezekana, itoe sahani, iinamishe chini ya taa, utazame ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Hapo ndipo mafundi huacha alama zao. Santuri nyingi za kale za kampuni ya jazi ya Blue Note zina "RVG" au "VAN GELDER", yaani Rudy Van Gelder, aliyerekodi na kuchonga mwenyewe. Matoleo ya Tone Poet, mfululizo wa Blue Note ulioanza 2019, huchongwa na Kevin Gray. Jalada lisipotaja mkanda wala fundi, mimi huirudisha rafuni.

Tena, ya kale si lazima iwe sahihi. Albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ilipotoka 1959, noti za upande wa kwanza zilisikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine ya kurekodia ilikuwa ikienda polepole kuliko kawaida. Kosa hilo lilikuja kusahihishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. (Waliokuwa wakipiga ala zao sambamba na sahani hiyo walijua kuna jambo.)

Kuhusu sahani za mizunguko 45 kwa dakika: sauti huwa na nafasi zaidi, lakini utainuka kugeuza kila baada ya nyimbo moja au mbili.