Jinsi ya kuomba kibali cha kusafirisha nguruwe ukiwa Mwanza

Wafugaji wenzangu wa Misungwi, Magu, Sengerema na hapa mjini, wengi wetu tunaanzia mwisho, yaani mtu anakodi kenta kwanza ndo jioni anaanza kumtafuta bwana mifugo. Usifanye hivyo. Kabla hujamlipa mtu hata mia, ulizia karantini, huku unakotoa nguruwe na kule unakowapeleka, maana ikishatangazwa karantini ya homa ya nguruwe kibali hupati hata ubembeleze vipi, na sio nguruwe hai tu, hata nyama ya kitimoto hairuhusiwi kutoka.

Kukiwa salama nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa akuandikie barua kwamba nguruwe ni wako, kama umenunua nenda na muuzaji. Barua mpelekee afisa mifugo wa kata, mwambie ni wangapi, wanaenda wapi, ni wa kufuga au kuchinja, na gari gani litawabeba, mpange siku ya yeye kuja bandani.

Kwenye huu ukaguzi naomba tuelewane. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, chanjo huku kwetu hatuna, na nguruwe anaweza kukaa na virusi siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi bila kuonyesha kitu, anapanda gari mzima anafika anamaliza banda la mwenzako. Ndo maana afisa anauliza kama kuna vifo kwako au kwa jirani, mwambie ukweli. Najua inauma, mtu ana ada ya watoto, wakifa wawili anataka awauze waliobaki kwa dalali usiku huohuo kabla hawajafa, lakini ugonjwa unasambaa hapohapo, na siku hizi kuna daraja la Kigongo-Busisi, hakuna kusubiri kivuko, asubuhi nguruwe yuko Misungwi mchana yuko Geita. Ukiona homa kali, hawali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, damu puani, wanakufa ghafla, achana na habari ya kibali, piga simu kwa afisa mifugo na usitoe hata mmoja. Binadamu haimpati, ila nguruwe wa kata nzima wanaweza kuisha.

Afisa akiridhika maombi yanaenda kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, unapewa kontro namba, lipa kwa simu au benki, hela ya mkononi usimpe mtu.

Kibali kikitoka kisome palepale, idadi, unakotoka, unakoenda, namba ya gari, tarehe. Umeandikiwa 12 usipakie 14, na njiani usikubali kumbebea mtu nguruwe wake hata kama ni shemeji, kwenye kizuizi watakusimamisha na hapo watakuwa na haki kabisa.

Ukifika ripoti kwa afisa mifugo wa huko umwonyeshe kibali, halafu wageni wakae banda lao peke yao kama wiki nne, na ndoo zao na buti zao, usiwachanganye na wenyeji. Makombo ya hotelini yenye nyama ya nguruwe usiwape, virusi vinadumu muda mrefu kwenye nyama. Na kenta ioshwe mavi yote yatoke kwanza ndo ipigwe dawa, ukipulizia juu ya uchafu dawa haifanyi kazi.